Waliniletea Mkate wa Matanga Nikiwa Hai

Niliamka saa tatu asubuhi kwa sababu watu walikuwa wanaimba nyimbo za matanga kwenye geti langu. Nikafikiri jirani amefiwa. Nikavuta blanketi juu ya kichwa, nikamwonea jirani huruma kwa dakika moja hivi, nikangoja wapite. Hawakupita. Waliimba ubeti wa pili, kisha mtu akaanza kugonga geti kwa jiwe.

Tunaishi Kitengela, upande ule ambapo lami imeisha na vumbi limechukua kazi. Mke wangu anashona suruali katika kiwanda kimoja cha Athi River, na huondoka kabla ya jua. Mimi ni MC. Nasimamia harusi, mahafali ya chekechea, na mara moja nilisimamia ufunguzi wa bucha. Kazi yangu hasa ni kuchekesha watu wasigundue kwamba chakula kimechelewa.

Nilitoka nikiwa na suruali ya suti niliyoivaa harusini Jumamosi, na fulana ya mke wangu iliyoandikwa MAMA BORA kifuani. Ndiyo nguo iliyokuwa karibu. Nikafungua geti.

Nje walisimama akina mama kama kumi na wawili wa kanisa letu, wamejifunga leso, wamebeba sufuria, majani ya chai na mikate iliyopangwa kwenye karai. Aliyekuwa mbele, mama mnene anayeongoza kwaya, aliniona akafunga mdomo katikati ya neno. Pakiti ya sukari ikamtoka mkononi. Wa nyuma yake akasema, "Shetani ashindwe!" Na mmoja ambaye miaka yote nimemwona akitembea kwa fimbo akakimbia mpaka kwenye kibanda cha mboga, fimbo akaiacha.

"Habari ya asubuhi," nikasema.

"Wewe umekufa," kiongozi wa kwaya akaniambia. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananijulisha tu.

Ilichukua muda tukaelewana. Alfajiri hiyo redio zilikuwa zimetangaza kwamba mchekeshaji mmoja mashuhuri, yule wa kipindi cha asubuhi, amefariki. Amejitoa uhai. Katika gurupu la WhatsApp la mtaa wetu mtu akaandika, "Yule mchekeshaji wetu ametuacha. Amejitoa uhai. Poleni sana." Sasa, kwa nchi nzima mchekeshaji wetu alikuwa yeye. Kwa mtaa ule alikuwa mimi. Wakanipigia, simu imezimwa. Ilikuwa imezimwa tangu Jumamosi jioni. Basi wakachukua sufuria.

Siwezi kuwalaumu. Kwa miaka tisa nilikuwa nakula kwa koo la yule mtu. Nilijua kumwiga mpaka kikohozi chake. Kwenye bango langu la biashara, pale karibu na stendi, niliandika: SAUTI ILE ILE, LAKINI IKO KARIBU. Ukifumba macho harusini ungedhani ni yeye. Ukifumbua ungeona mimi, na ungevumilia.

"Ni yeye kweli?" nikauliza. "Yule wa redio?"

"Ni yeye," mama wa kwaya akasema, akainama kuokota sukari. "Lakini sisi tulikuja kwako."

Hapo hapo akafika mwenyekiti wa mtaa. Huyu ni karani mstaafu, mtu wa tai hata akienda kununua maziwa. Alikuwa na bahasha kubwa kwapani. Aliniangalia kutoka miguuni mpaka kwenye MAMA BORA, akapumua kwa uchungu.

"Nimeshatoa kopi thelathini," akasema.

"Kopi za nini, mzee?"

"Za maisha yako."

Nikaomba kopi moja. Akasitasita, kama mtu anayeombwa kitu ambacho si cha mwombaji, halafu akanipa. Nikasoma hapo hapo getini, akina mama wakinyoosha shingo. Kumbe mimi nilikuwa mtu mzuri sana. Nilipenda kilimo. Kilimo changu ni sukuma wiki moja ndani ya mkebe wa rangi, na hata hiyo ilikuwa imeinamisha kichwa. Nilikuwa nimeacha mke na mradi wa kuku.

"Mimi sina kuku, mzee."

"Tulikadiria," akasema. "Mambo madogo yangerekebishwa."

Lakini mstari wa kwanza ndio ulionishika. Ulisema: Marehemu alikuwa mtu wa furaha wakati wote na hakuwahi kulalamika. Niliusoma mara mbili. Nikataka kucheka, na kicheko hakikuja. Nikamrudishia karatasi yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akaipanga na zingine vizuri, akairudisha kwenye bahasha. "Nitaziweka tu," akasema. Mpaka leo najua ziko kwake mahali fulani, zinanisubiri.

Hapo ndipo mke wangu alipotokea kwenye kona anakimbia. Habari ilikuwa imemfikia kiwandani. Alikuwa bado na aproni ya kazi, kanda ya kupimia ikipepea shingoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Aliwaona akina mama na sufuria, akapiga yowe, akapita katikati yao kama mtu anayepita kwenye mahindi. Akanikuta mimi nimesimama katikati, nina kipande cha mkate mdomoni. Ndiyo, nilikuwa nimeanza kula ule mkate. Mtu alinipa nikapokea.

Alinipiga na kile kiatu. Alinipiga begani, mgongoni, begani tena. Halafu akakiangusha, akanishika kwa nguvu mpaka mkate ukanikwama. "Na ni kwa nini umevaa fulana yangu?" akauliza ndani ya shingo yangu, analia. Akina mama wakaanza kulia naye. Mwenyekiti akavua miwani akaifuta. Kwa hivyo nilililiwa kweli kweli siku hiyo, na mimi mwenyewe nikaona.

Tukaweka simu yangu kwenye chaji. Haikumaliza dakika moja, ikaita. Ilikuwa mama yangu, kule Makueni. Simu yangu spika ya sikioni imekufa, lazima iongee kwa sauti ya nje, kwa hivyo mtaa mzima ulimsikia.

"Nani ameshika simu ya mtoto wangu?"

"Ni mimi, mama. Niko mzima."

"Mtoto wangu amekufa. Usinichezee."

"Mama, ni mimi."

"Kama ni wewe, sema ulifanya nini kwenye gunia la mahindi la babu yako."

Niliwaangalia akina mama wa kanisa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na adabu ya kuangalia kando.

"Mama, niko na watu."

"Sema!"

"Nilikojoa ndani."

"Ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

Halafu tukamsikia akimwambia mtu aliye karibu naye, "Ni yeye." Halafu hatukusikia maneno tena, ila pumzi yake, inapanda na kushuka, kwa muda mrefu, na hakuna aliyecheka.

Sasa palikuwa na mikate, chai, sukari yenye mchanga kidogo, na watu waliojiandaa kulia. Mwenyekiti akasema si vizuri kurudi na vitu vya matanga nyumbani. Mama wa kwaya akasema kuna mtu amekufa kweli, hata kama si huyu. Basi wakaingia uani wakawasha jiko, tukafungua redio, tukamwombolezea yule mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa jamaa yake.

Redio ilikuwa inacheza vipande vya zamani. Tukasikia kile alichoigiza kuku anayehojiwa kazi kwenye hoteli na kuulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano. Tukasikia kile cha mwenye nyumba aliyeokoka lakini siku ya kodi anarudi dhambini. Mama wa kwaya alicheka mpaka akamwaga chai, kisha akakaa na leso machoni. Mmoja akasema mume wake alikuwa haongei na mtu kabla ya kusikia kile kipindi. Mwingine akasema alipolazwa hospitalini na mtoto, alikuwa akiweka simu kwenye mto, wote wodini wanasikiliza. Ajabu ni kwamba kila mtu aliongea juu yake kama binamu.

Mimi nilikuwa nimekutana naye mara moja, na sikuwa nimemwambia mtu. Kulikuwa na sherehe kubwa Nairobi, mimi nikaitwa kuchangamsha watu kabla yeye hajafika. Nilipomaliza nilienda nyuma ya hema, nikamkuta ameketi kwenye kreti ya soda na sahani ya pilau magotini. Nikaogopa atanishtaki kwa kuiba sauti. Akasema tu, "Hicho kikohozi unakifanya vizuri kuliko mimi," akasogea nikae. Tulikaa kama robo saa. Hakula hata punje. Alikuwa anaigeuza nyama na kijiko, anaigeuza tena. Jina lake lilipoitwa alisimama, akavuta pumzi, na nikaona uso wake ukiwashwa kama taa. Nilijua namna alivyofanya, kwa sababu mimi pia nilikuwa nafanya hivyo. Sikumwuliza chochote. Nilikula ile pilau yake.

"Mtu anachekesha hivyo," mama mmoja akasema pale uani, "ana pesa, anajulikana. Alikuwa anakosa nini?"

Mwingine akasema ni dhambi. Mwingine akasema ni mapepo. Mwenyekiti akasema ni mambo ya Nairobi. Wakaendelea hivyo, na mimi nikaangalia ile sukuma wiki yangu, mpaka tuliposikia gari likikwaruza geti.

Ilikuwa Probox nyeupe, na aliyekuwa akiendesha alikuwa mama mmoja wa Kajiado ambaye nilisimamia harusi ya binti yake mwaka uliotangulia. Ni Mmaasai wa miaka sitini hivi, anauza maziwa, anaendesha gari kama anayefukuza fisi. Sikio lake la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasikia likipenda. Alikuwa amepata habari sokoni kwamba yule MC amekufa. Akashuka analia kwa sauti, shanga zote zinalia naye, akafungua buti, akatoa kondoo.

Kisha akaniona.

Nikasema, "Takwenya, yeyo," ndiyo salamu ya Kimaasai ya kumpa mama wa rika lake; yeyo ni mama.

"Iko," akaitikia, maana salamu lazima iitikiwe hata na maiti. Akaja polepole, akaweka kiganja kwenye paji langu la uso, akakipeleka shavuni, akakinusa. "Huyu si roho," akawatangazia. "Ako na jasho. Na hajaoga."

Tukamweleza, kwa kelele, upande wa kulia. Alielewa. Tukamwambia amrudishe kondoo. Akakataa. Amemtoa kwa matanga, na hapa anaona matanga. Akamfunga kwenye mlingoti wa kamba ya nguo, akapewa chai, akauliza, "Mlikuwa mnasema nini?"

Yule mama akarudia, kwa nguvu, "Tunauliza yule wa redio alikuwa anakosa nini!"

Mama wa maziwa akanywa chai yake kwanza. Akasema, "Mimi nilikuwa niko na watoto saba, nyumba ya mabati, hii gari. Na nilikuwa nataka kufa. Sikuwa nakosa kitu." Aliongea kwa sauti kubwa kama kawaida yake, kama anaongea bei ya maziwa. "Mnasema ni ng'ombe zilikufa na kiangazi. Ni kweli zilikufa. Lakini hata zile zilibaki nilikuwa nazichukia. Nikikamua, nalia. Mtoto akinisalimia, naskia uzito. Nilifikiri nimerogwa. Nikaombewa, mpaka yule pastor akachoka. Mwisho binti yangu akanipeleka kliniki ya hapo Kajiado. Wakaniambia huu ni ugonjwa. Uko na jina, uko na dawa." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ngozi kifuani, akatoa pakiti ya vidonge, akatuonyesha sote kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. "Nakunywa hii. Ni ya kichwa. Si kichwa ya kuuma, ni kichwa ya ndani. Na kuna msichana hapo tunaongeanga na yeye."

Kondoo alikuwa amefikia sukuma wiki yangu na anaitafuna, na hakuna aliyemzuia.

Kisha akageuza sikio lake la kulia kwangu. "Na wewe, MC. Hawa wanasema simu yako ilizimwa siku mbili. Kwa nini?"

Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikasema, kwa ile sauti ya redio, "Yeyo, nilikuwa nafanya mazoezi ya kufa, na naona nimepita mtihani."

Uani kukalipuka kicheko. Mwenyekiti alijipiga goti.

"Sijaskia," mama wa maziwa akasema. "Sema tena."

Nikarudia. Walicheka, lakini wachache. Mzaha ukisemwa mara ya pili unabaki na mifupa.

"Hapana, kelele ya hawa," akasema. "Sema tena."

Alikuwa ananiangalia machoni, anangoja tu, amekunja uso wa mtu asiyesikia vizuri. Sijui mpaka leo kama kweli hakusikia. Nikafungua mdomo mara ya tatu na ile sauti ya mtu wa redio haikutoka. Ilitoka yangu, na nilikuwa sijaisikia muda mrefu.

"Sikutaka kuongea na mtu," nikasema. "Nimechoka, yeyo. Sijui nimechoshwa na nini."

Basi nikalia, mbele ya kwaya, mbele ya mwenyekiti, na fulana ya MAMA BORA. Nililia kwa ile namna mbaya, yenye kamasi. Na maneno yakatoka bila mpangilio. Kwamba kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nasimama Jumamosi nachekesha watu mia tatu, halafu Jumapili mpaka Alhamisi nalala nimeangalia ukuta. Kwamba chakula kilikuwa kama kutafuna katoni. Kwamba mke wangu alinifokea kwa uvivu na mimi nikakubali kwamba ni uvivu, kwa sababu uvivu angalau naujua. Kwamba yule mtu wa redio alikuwa amekaa kwenye kreti na mimi nikaona, na sikumwuliza, kwa sababu angeniuliza mimi pia.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuja akapiga magoti mbele yangu. "Nimekutukana bure," akasema. Akafikiria kidogo, maana ni mwanamke mkweli. "Mengine ulistahili. Lakini mengi ni bure."

"Kesho Kajiado," mama wa maziwa akasema, akainua kikombe kiongezwe chai. Hilo alikuwa amelisikia lote.

Tulienda kesho yake na ile Probox. Mama wa maziwa akiendesha, mke wangu mbele, mimi nyuma na makopo ya maziwa, na kondoo kwenye buti akipumua kwenye kisogo changu. Mama alikuwa amekubali kumrudisha baada ya mke wangu kuonyesha kilichobaki cha sukuma wiki. Kupita Isinya mpaka Kajiado upepo ulikuwa unapiga nyasi za pande zote, mama akisimulia hadithi huku ametugeukia na gari likijiendesha lenyewe. Niliwaza kwamba si vizuri mtu afe akielekea kutibiwa kutaka kufa. Ilikuwa mara ya kwanza katika muda mrefu kuogopa kufa, na nikalitambua hilo, nikanyamaza nalo.

Kliniki ilikuwa chumba kidogo na benchi nje. Daktari alikuwa binti mdogo kiasi kwamba nilimwomba aniitie daktari. Akasema, "Ndiye mimi, karibu ukae." Nikaamua kumchekesha. Nilimpa vichekesho vyangu vyote: kuku wa hotelini, bwana harusi aliyesahau jina, hata kikohozi. Mke wangu alicheka, na yeye amevisikia miaka tisa. Daktari alitabasamu kwa heshima, akaandika kitu.

"Umeandika nini?" nikauliza.

"Kwamba unaongea haraka ukiogopa."

Akaanza kuniuliza maswali. Katika wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Ni siku ngapi umejiona huna maana? Kwanza nilijibu kama mtihani, nikitafuta jibu la kupita. Halafu akaweka kalamu chini, akauliza kama anayeuliza kama nimekula, "Umewahi kufikiria kujitoa uhai?"

Nilikuwa na mzaha tayari. Niliusikia mdomoni, na nikaumeza.

"Ndiyo," nikasema. "Sijapanga. Lakini nimefikiria, zaidi ya mara moja."

Nilidhani ukuta utaanguka, au ataita askari. Alisema, "Asante kwa kuniambia." Mke wangu alinishika mkono akauminya mpaka pete ikaniumiza. Daktari akatueleza, bila haraka, kwamba hiyo ni sonona, kwamba ni ugonjwa kama pressure ni ugonjwa, kwamba mtu mwenye furaha usoni anaweza kuwa nao na mtu mwenye imani pia. Alisema kuuliza mtu kama anafikiria kufa hakumpi wazo hilo; mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Alimwonyesha mke wangu dalili za kuangalia, na kwamba siku mawazo yakizidi asiniache peke yangu, anilete siku hiyo hiyo, hata bila miadi. Akaniandikia dawa, na siku za kuja kuongea.

"Nitapona lini?" nikauliza.

"Dawa inachukua wiki kadhaa kushika. Usiiache ukiona haifanyi kazi siku ya tatu. Na usiiache ukijiona umepona."

Nje mama wa maziwa alikuwa amewakusanya watu wote wa benchi anawaonyesha kondoo. Alinipigia kelele kutoka mbali, "Wamekupea ya rangi gani?"

Sitadanganya kwamba nilitoka hapo nimekuwa mtu mpya. Wiki mbili za kwanza mdomo ulikauka nikawa naongea kama nimelamba simenti, na harusi moja ya Ongata Rongai nilisinzia wakati wa kukata keki. Wiki ya tatu hakukuwa na kitu. Wiki ya tano, asubuhi moja, nilikula maharagwe na nikaona yana ladha. Nikamwita mke wangu aje aonje. Akaonja akasema ni maharagwe tu, yana chumvi nyingi. Nikasema ndiyo, chumvi nyingi! Tukasimama jikoni tunayaangalia.

Kanisani waliniombea, nikapokea maombi na dawa pamoja, na havikugombana tumboni. Mama yangu alitumiwa habari na akawaeleza Makueni yote kwamba nina ugonjwa wa kucheka sana. Nimeacha kumsahihisha. Ile sauti ya mtu wa redio nimeiacha pia. Sikuona vizuri kuendelea kuitumia. Bango nimebadilisha, na siku hizi nachekesha kwa sauti yangu ambayo ni nyembamba kidogo, na watu wamezoea.

Kitu kimoja tu nimeongeza kazini. Watu wakishashiba, kabla ya muziki, nachukua dakika mbili. Nasema mimi niko na sonona na natibiwa. Nasema yule tuliyempenda redioni alikuwa mgonjwa, hakuwa mwoga wala mtenda dhambi wa kusemwa kwenye chai, na kwamba nasikitika sikumwuliza siku nilipomwona hali chakula. Nasema kama kuna mtu hapa ambaye amechoka namna ile, amwambie mtu mmoja leo, aende hospitali kesho. Maharusi wengine hununa. Lakini kila mara, wakati wa kukunja nyaya, kuna anayekuja pembeni kuniuliza kliniki iko wapi.

Wa mwisho alikuwa mwenye bucha wa hapa Kitengela, yule yule niliyemfungulia bucha. Jitu kubwa, mikono kama mapaja. Alinivuta nyuma ya jokofu la nyama.

"MC, niko na rafiki," akasema. "Rafiki halali usiku. Halii, lakini akikata nyama anasikia kama kulia. Nimwambie nini?"

"Mwambie aje Jumatano. Nitamsindikiza."

"Yeye anaogopa."

"Mimi pia niliogopa. Mwambie."

Jumatano asubuhi bucha ilifungwa. Alikuja getini kwangu amenyoa, amevaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'arishwa, peke yake.

"Rafiki yako yuko wapi?" nikauliza.

Akaangalia barabara upande huu na upande huu.

"Ameshafika," akasema.